Umetoa halojeni umeweka LED na sasa spoti zinacheza: tafuta kosa liko wapi

Watu wengi wenye nyumba za plafon hapa Bukavu, Muhumba, Nguba, Ndendere, ata zile mpya za kule Panzi, wameanza kutoa spoti (zile taa ndogo zinazofungwa ndani ya plafon) za halojeni na kuweka za LED, na siwezi kuwalaumu ju hesabu inajieleza yenyewe: spoti 6 za sebuleni za wati 50 kila moja ni wati 300, ukiweka LED za wati 5 unabaki na 30, na kama nyumba inaishi kwa onduleri (mashine ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumba) na betri kila umeme ukikatika basi hiyo tofauti njo inaamua kama mtamaliza filamu ao mtalala mapema. Shida inaanza na ile swichi ya kuzungusha ili kupunguza mwanga, variateri, wengine wanaiita dima. Na halojeni ilikuwa inafanya kazi bila neno, na LED ampule zinacheza kama disko, ao zinalia, ao hazizimiki, ao zinakufa moja moja, na mwenye nyumba anarudi dukani na hasira anasema ameuziwa feki.

Feki ziko, sikatai. Lakini ampule njo mtu wa mwisho wa kushtaki. Kati ya ampule na nguzo ya barabarani kuna transfo, kile kisanduku cha kushusha volti, kuna variateri, kuna waya zilizofungwa na fundi ambaye leo hamjui ata yuko wapi, na vyote vilichaguliwa kwa mzigo wa wati 300. Sasa umeupunguza mzigo mpaka sehemu yake ya kumi, na kila kimoja kinaanza vituko vyake. Uzuri ni kwamba kila kimoja kina kituko chake, kwa hiyo ukiangalia vizuri unajua nani amekosea bila kununua kitu.

Mbele ya kupanda ngazi niseme hili ju hapa kwetu linaumiza watu: umeme ukikatika haina maana laini imekufa. Watu wanaona giza la delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) wanasema haya ndiyo nafasi, wanafungua spoti na mikono, na umeme unarudi wakiwa wameshika waya. Ao onduleri inaamka yenyewe. Shusha dijonkteri ya taa (swichi ya usalama kwenye tablo), zima onduleri, halafu pima na testa kwenye duyi yenyewe, pale ampule inaingia, si kwenye swichi. Swichi inaweza kukudanganya, nitaeleza kwa nini huko chini.

Shusha moja uangalie miguu yake

Bana zile springi mbili, vuta ringi ya spoti itoke kwenye plafon, toa ampule. Kuna aina mbili tu za kukusumbua. Yenye miguu miwili minene yenye vichwa, unaizungusha kidogo ndiyo inatoka, hiyo ni GU10, inakula 220 moja kwa moja. Yenye miguu miwili myembamba kama sindano, unaivuta tu, hiyo ni GU5.3, watu wanaiita pia MR16, na hiyo ni ya volti 12, maana yake juu ya plafon kuna transfo. Namba zenyewe ni nafasi kati ya miguu kwa milimita, 10 na 5.3, kwa hiyo ata ukiwa na rula ya mtoto wa shule unajua.

Kama ni GU10 una bahati, ruka mpaka kwenye kucheza. Kama ni ya volti 12, soma inayofuata kwa makini ju nusu ya malalamiko ninayosikia yanatoka hapo.

Haziwaki kabisa, ao zinawaka zinazima zinawaka zinazima

Angalia ndani ya tundu la plafon na tochi ya simu. Mara nyingi utaona kisanduku cha plastiki nyeupe, chepesi, kimelazwa juu ya triplex pamoja na vumbi na mavi ya popo. Kigeuze usome. Nilikishika kimoja kule Muhumba kilikuwa kimekuwa rangi ya chai kwa joto, lakini maandishi bado yanasomeka: PRI 220-240V, 50/60Hz, SEC 12V, halafu 20-60W. Kila mtu anasoma hiyo 60. Hakuna anayesoma 20. Hiyo 20 ndiyo inasema nikibeba chini ya wati 20 sianzi kazi, na wewe umeniwekea LED ya wati 5.

Njo maana haiwaki, ao inajaribu, inashindwa, inajaribu tena. Transfo ya namna hiyo ni ya elektroniki, inahitaji mkondo wa kutosha kupita ndani ili ijiendeshe. Halojeni ya wati 50 kwa volti 12 ilikuwa inavuta ampea 4 na kidogo, LED inavuta karibu 0.4. Ampule ni nzima kabisa, ukiipeleka kwa jirani mwenye transfo nyingine itawaka na utamtukana muuzaji bure.

Kuna transfo ya aina nyingine, ya zamani, ya chuma na waya, unaijua kwa uzito wake, ukiinyanyua mkono unashuka. Hiyo haina ubishi, LED nyingi za MR16 zinawaka juu yake, kasoro yake ni kwamba ikiwa haina mzigo volti zinapanda juu ya 12, na ampule za bei rahisi hazipendi.

Hapa nionye kuhusu multimetri. Transfo ya elektroniki haitoi umeme wa 50Hz, inatoa wa maelfu na maelfu ya mizunguko kwa sekunde, na multimetri ya kawaida ya sokoni haiwezi kuusoma, itakuonyesha namba ya ajabu ajabu, 3, 7, ao sifuri. Usiseme transfo imekufa ju ya hiyo. Rudisha halojeni moja, kama inawaka transfo ni nzima.

Tiba ziko mbili. Ya kwanza, toa transfo weka draiva (kifaa cha kulisha LED umeme unaoifaa) ya volti 12, na kama unataka kupunguza mwanga hakikisha draiva yenyewe imeandikwa inakubali variateri, ampule peke yake kuandikwa dimmable haitoshi. Ya pili, ndiyo mimi napenda, tupa transfo kabisa, badilisha duyi, ingia GU10 ya 220 moja kwa moja, kitu kimoja kidogo cha kuharibika. Lakini usifanye kwa haraka: waya iliyokuwa inatoka kwa transfo kwenda kwa spoti ilikuwa ya volti 12, mara nyingine ni nyembamba na ngozi yake imekauka kwa joto la halojeni mpaka ukiikunja inapasuka. Hiyo usiipitishie 220. Na zile ringi za chuma za volti 12 hazikuwa na waya ya ardhi ju hazikuihitaji, ukiweka 220 zinaihitaji. Kama nyumba yako haina ardhi, na ziko nyingi, nunua ringi za plastiki.

Kuna wanaosema unganisha spoti nne kwenye transfo moja, 4 mara 5 ni 20, umefika. Kwenye karatasi ndiyo. Kwenye plafon, LED haivuti umeme kwa utulivu kama halojeni, inavuta kwa vipande vipande, na transfo inaweza kuona si 20. Wengine imewakubalia, wengine hapana, mimi siwezi kukuuzia hiyo.

Zinacheza

Hii ndiyo kubwa, na swali la kwanza si ampule gani, ni lini. Zinacheza kila wakati? Ukishusha tu? Ao saa fulani za jioni?

Uelewe kwanza kwa nini halojeni haikuwahi kucheza. Ndani yake ni uzi wa chuma uliowaka mpaka mweupe, na uzi wa moto haupoi haraka, ata umeme ukiyumba kidogo wenyewe unaendelea kutoa mwanga. Umeme wetu wa 50Hz unapiga mara 100 kwa sekunde na uzi haujali. LED haina moto wa kuhifadhi. Ukimnyima umeme kwa muda mfupi sana anazima muda mfupi sana, kwa hiyo kosa ambalo lilikuwa pale miaka yote limefunuliwa sasa, halikuletwa na LED.

Zikicheza kila wakati ukiwa umefungua variateri mpaka mwisho, angalia kama kweli ulinunua za kupunguzika. Boksi ziandikwe dimmable. Nimesikia maneno haya dukani, masikio yangu mwenyewe, mama mmoja anauliza, "Papa, hii itakubali variateri?" na jibu, "Mama, LED yote ni moja, chukua tu." LED yote si moja. Ile isiyopunguzika ina draiva ndani ambayo kazi yake ni kushika mwanga uleule ata umeme ushuke, kwa hiyo wewe unapunguza, yeye anapigana kurudisha, na vita hiyo ndiyo unaiona juu ya plafon. Mbaya zaidi zile zinazojisifia 85-265V, nzuri sana kwa nyumba ambazo volti zinashuka jioni, lakini kwa variateri ndizo wabishi wa kwanza. Kwa hiyo chagua: ao unataka ampule inayovumilia volti mbovu kwenye swichi ya kawaida, ao unataka kupunguza mwanga. Vyote viwili kwenye ampule moja ya bei rahisi sijaona.

Kama ni za kupunguzika kweli na bado zinacheza, fanya jaribio la halojeni moja, ndilo jaribio zuri kuliko yote na halina gharama ju halojeni zako za zamani bado ziko kwenye karatoni. Acha LED 5, rudisha halojeni 1 ya wati 50 kwenye laini hiyohiyo. Kama zote zimetulia, kosa ni mzigo mdogo: variateri yako inataka wati 40 ao 60 kwenda juu ndipo ishike vizuri, na wewe unampa 30. Kama kwenye volti 12 kila spoti ina transfo yake, basi angalia vizuri: halojeni moja ikituliza wote, kosa ni variateri, ikikaa yenyewe vizuri na wengine wanaendelea kucheza, kosa liko kwa transfo zao. Jaribio moja linatenganisha washtakiwa wawili. Kuna watu wanaacha hiyo halojeni moja pale milele, kwenye kona, na mimi siwacheki, ni tiba, ila ujue hiyo kona inakula zaidi kuliko wengine wote wakijumlishwa.

Tiba ya kweli ni kubadilisha variateri. Na hapa kuna aina mbili ambazo muuzaji hatakuambia. Ya zamani inakata mwanzo wa wimbi la umeme, inangoja halafu inawasha kwa ghafla, ndani kuna kitu kinaitwa triaki, ilitengenezwa kwa ajili ya halojeni na transfo za chuma. Ya pili inakata mwisho wa wimbi, inawasha polepole toka sifuri halafu inazima, hiyo ndiyo rafiki ya transfo za elektroniki na ya LED nyingi. Ukiangalia mgongoni mwa variateri kuna alama: R ni mzigo wa kawaida kama halojeni ya 220, L ni transfo ya chuma, C ni ya elektroniki. Mpya zinaandika LED pembeni na wati zake zenyewe, kwa mfano 5 mpaka 100. Ukiona imeandikwa 60-400W tu na hakuna neno LED popote, hiyo ndiyo ya zamani. Na usifikiri 400W maana yake LED 80 za wati 5. Mafundi wengi wanahesabu sehemu ya kumi, 400 ya halojeni ni kama 40 ya LED, ju kila draiva wakati wa kuwaka inameza mkondo mkubwa kwa mkupuo mfupi sana.

Kama hutaki kununua kitu kwanza, toa variateri, unganisha swichi ya kawaida mahali pake. Zikitulia umepata jibu. Zikiendelea kucheza na swichi ya kawaida, sahau variateri, tafuta konekta iliyolegea, na hiyo usiichelewe ju konekta iliyolegea inachoma. Kwenye spoti za volti 12 zile ampea 4 zilipita miaka kwenye duyi ndogo ya kauri, utakuta mguu mmoja umekuwa mweusi na springi ya ndani imekufa. LED haishiki vizuri kwenye duyi iliyochoka. Badilisha duyi, ni kitu cha bei ndogo.

Halafu ile ya jioni. Saa kumi na mbili mpaka saa nne usiku kila mtu anapika, anapiga pasi, anachaji, na kwenye mitaa ambayo kabini (transfo kubwa ya mtaa) iko mbali, juu ya vilima ambako waya moja inabeba nyumba ambazo haikupangiwa, volti zinashuka. Pima kwenye prize na multimetri, hapo inasoma vizuri. Kama asubuhi ni 220 na jioni ni 180, umepata. Halojeni kwa 180 ilikuwa inatoa karibu nusu ya mwanga wake, ikawa nyekundunyekundu, na hakuna aliyelalamika, tulizoea. LED yenye variateri kwa 180, ukiishusha kidogo tu, draiva inakosa nguvu ya kubaki hai, inazima, inawaka. Dalili yake: ukipandisha variateri juu zinatulia, na saa tano usiku zinatulia zenyewe. Na ukiona zinapigwa kwa mshtuko mfupi mfupi mchana, sikiliza nje, kama kuna fundi anachomelea mlango wa chuma usitafute zaidi.

Hapo hubadilishi ampule. Stabilizateri inasaidia, ila iwe nzuri, ju zile zenye relei zinazoruka tak tak kila volti zikibadilika, kila mruko utauona juu ya plafon. Njia rahisi ni kupandisha kiwango cha chini cha variateri, nitaeleza.

Na onduleri? Kama zinatulia kwa umeme wa kawaida na zinacheza ao zinaunguruma tu mkiwa kwenye betri, onduleri yenu haitoi wimbi laini, inatoa la ngazi ngazi. Variateri imezoea kusoma wimbi laini ili ijue ikate wapi, kwa la ngazi inapotea. Kwenye betri acha variateri juu kabisa, na bado usiiache kwa masaa mengi, inapata moto, iguse utaona. Wale wa sola wenye betri ya volti 12 nyumbani wanaweza kulisha MR16 moja kwa moja toka betri, bila transfo bila onduleri, kama ampule imeandikwa AC/DC, na angalia inavumilia volti ngapi ju betri ikichajiwa inafika 14 na zaidi. Variateri ya ukutani kwa betri haifanyi kazi, usijaribu.

Zinalia

Zima redio, simama juu ya ngazi, weka sikio. Ikilia variateri, ni koili ndani yake inatetemeka, na aina ya zamani inalia zaidi ju inawasha umeme kwa ghafla. Ikilia ampule, sababu ni hiyohiyo, sehemu ndogo ndani ya draiva zinatetemeka. Mlio unakuwa mkubwa katikati, pale variateri iko nusu, ju hapo ndipo wimbi linakatwa kwenye kilele chake. Badilisha variateri iwe ya kukata mwisho, mlio unapungua sana ao unaisha. Kama ampule moja tu inalia na nyingine 5 kimya, hiyo moja ibadilishe, hiyo kweli ni mbovu.

Umezima na bado zinawaka kidogo

Usiku mtu anaamka anaona plafon ina vidoti vya mwanga hafifu, anafikiri mambo mengine. Sababu ni tatu.

Swichi yenye ka-taa kadogo kekundu ndani. Hako kataa kanawaka kwa kupitisha mkondo mdogo sana kwenye laini ya taa. Halojeni haikuuhisi, LED inauhisi. Toa hako kataa, basi.

Variateri ya elektroniki. Hiyo ata ikiwa imezimwa nyingine zinapitisha kidogo. Kuna kipande kidogo kinauzwa na watengenezaji wa variateri, kinafungwa sambamba na ampule moja ya mwisho, kinameza huo mkondo. Weka chao, usijitengenezee na kondansateri uliyotoa kwenye televizio mbovu.

Ya tatu ndiyo niliahidi. Swichi inakata netre (waya wa kurudi) badala ya faze (waya wenye umeme). Mtu aligeuza waya, pengine kwenye konteri, pengine siku walipofunga onduleri, na sasa ukizima swichi, faze inabaki juu kwenye duyi inangoja kidole chako. Mwanga hafifu ndio onyo la bure umepewa. Zima swichi, acha dijonkteri juu, gusa duyi na testa tu, usiguse na kingine: testa ikiwaka, geuza waya. Hili usilipangie wikendi ijayo.

Hazishuki vizuri, ao zinakataa kuamka

Halojeni ilikuwa inashuka mpaka mkaa. LED nyingi zinaishia asilimia 10 ya mwanga, na jicho la mtu linavyofanya kazi, 10 hiyo utaiona kama 30, kwa hiyo usiku wa sala ya familia bado unaona sebule nzima. Hiyo si kosa, ni ampule ilivyo, ukitaka chini zaidi utafute zilizoandikwa 1 ao 5.

Kama zinazima ghafla ukikaribia chini, ao ukiacha chini usiku na kesho yake ukibonyeza haziamki mpaka upandishe kwanza, toa kifuniko cha variateri. Nyingi zina skrubu ndogo ya plastiki karibu na mhimili ao ubavuni. Weka variateri chini kabisa, taa zikiwa zinawaka, zungusha hiyo skrubu na turnevisi yenye mpini wa plastiki polepole mpaka zote ziwake bila kutetemeka, halafu ongeza kidogo. Fanya jioni wakati volti zimeshuka, ukifanya asubuhi utarudia.

Spoti moja inawahi kuzima kuliko wenzake? Umechanganya ampule. Draiva tofauti zinasoma wimbi kwa namna tofauti, ata za kampuni moja zilizonunuliwa mwaka tofauti. Nunua zote siku moja pamoja na moja ya akiba.

Zinakufa mapema

Joto na mshtuko, hizo ndizo mbili. Halojeni inavumilia joto, ndiyo maisha yake. LED inahitaji kupumua kwa nyuma. Kama juu ya plafon kuna sufi ya kioo ya kuzuia joto imelazwa juu ya spoti, ao spoti ni ile ya bafuni iliyofungwa na kioo mbele, kondansateri ndani ya draiva inakauka. Dalili yake ni kwamba inaanza kucheza peke yake wiki kadhaa kisha inakufa. Sogeza sufi, na bafuni weka ya wati ndogo.

Mshtuko ni ule wa umeme kurudi. Watu wengi wanakumbuka kuchomoa friji na televizio, taa hakuna anayezikumbuka. Zikizimwa mbele ya umeme kurudi zinadumu, kwa hiyo delestaji ikianza watoto wazoee kuzima swichi. Ukitaka zaidi, fundi akuwekee kinga ya mshtuko kwenye tablo, lakini bila ardhi nzuri hiyo kinga ni pambo.

Na mengine madogo

Rangi: kwenye boksi tafuta 2700K ao 3000K, ndiyo karibu na halojeni. Zilizojaa sokoni Kadutu na Nyawera ni 6500K, nyeupe ya bluu, nzuri kwa duka, sebuleni watu wote wanaonekana wagonjwa. Na halojeni ilikuwa inakuwa ya dhahabu ukishusha, LED inabaki rangi yake, isipokuwa za aina maalumu ambazo hapa ni ngumu kuzipata.

Wati 5 ao 6 zinatosha kurudisha mwanga wa halojeni ya 50, lakini usisome wati, soma lumeni, kipimo cha mwanga, uwe karibu na 350 ao 400. Na angalia nyuzi 36 ao 38 za upana wa mwanga, ukichukua 100 kivuli cha spoti kinapotea na plafon inang'aa yote, wengine wanapenda.

Redio ikianza kukoroma kwenye FM ukiwasha taa, hasa zile za volti 12, ni draiva ao transfo inatoa kelele ya redio. Zima moja moja mpaka Radio Okapi irudi safi, utajua ni ipi. Wakati mwingine kufupisha waya kati ya transfo na spoti kunatosha, ile waya ndefu iliyoviringishwa juu ya plafon inafanya kazi ya antena. Ikikataa, hiyo transfo itoke.